Barua kwa mwanangu: neno lililoandikwa juu ya uso wako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliupata Jumapili baada ya misa. Nikausoma nimesimama uani, kisha nikaurudia nimekaa. Unasema binti wa mgonjwa mmoja wa wodini kwako ameandika malalamiko, na humo amekuita supercilious. Unasema ulikuwa umemweleza kwamba saa za kuona wagonjwa zimekwisha, akakuuliza kama kweli wewe ni nesi mwenye cheti, nawe ukamtazama usimjibu kitu. Kamusi umeifungua, ikakwambia neno hilo ni la mtu mwenye kiburi na dharau, ila unahisi kuna jambo limelala chini yake. Mkubwa wako wa kazi anataka maelezo yako kwa maandishi. Ukamaliza: "Baba, hili neno hasa lina maana gani, na limetoka wapi?"

Limetoka kwenye nyusi, mwanangu.

Kilatini, supercilium ni unyusi. Super ni juu, cilium ni kope; yaani kile kilichokaa juu ya kope. Nawe umeshakutana nalo darasani bila kulisalimu, maana ule msuli mdogo unaovuta nyusi zikaribiane mtu anapokunja uso, madaktari wanauita corrugator supercilii hadi leo. Kutoka hapo Warumi wakamwita superciliosus mtu wa nyusi, anayekutazama huku zimepanda. Waingereza wakalichukua katika karne ya 16, wakalibadilisha mkia kidogo tu. Kwa hiyo huyo dada, hata kama hajui Kilatini silabi moja, ameandika jambo mahususi. Kiburi kina maneno mengi kwao. Wana haughty, lililotokana na neno la Kifaransa la kitu kilicho juu. Wana arrogant, la mtu anayejitwalia kisichokuwa chake. Yote hayo ameyaacha, akashika lile linaloushitaki uso.

Ningeweza kuishia hapa, nikakuagiza ule vizuri na uvae soksi za sufu. Mama yako ndivyo alivyonishauri. Lakini wewe ni mtoto uliyekuwa ukitoka na daftari hadi barazani kuniuliza kwa nini herufi ya k haisomeki katika knife, na sikuwahi kukujibu nusu. Tena neno hili lina deni na nyumba yetu. Nilipolisoma kwenye ujumbe wako, sikukuona wewe. Nilimwona babu yako wa Mgeta, kule milimani Uluguru, yule mjomba wa mama yako.

Nianze na Warumi kwanza, maana wao hawana hasira nami.

Sisi tulipotafuta mahali pa kukiweka kiburi mwilini, tulikiweka midomoni. Mtu wetu akikudharau anabetua mdomo, anabeua, anafyonya. Mrumi yeye alikiweka juu ya macho. Yule mzee Pliny, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya asili kwamba kiburi huzaliwa kwingine ila makao yake ni nyusini: kinaanzia moyoni, kinapanda hadi pale, kinaning'inia, kwa sababu mwili mzima hakikuona mahali pengine pa juu na pa mwinuko ambapo kingekaa peke yake. Padre aliyetufundisha Kilatini seminarini alitusomesha maneno hayo tukiwa wavulana, na tulirudi bwenini tukatazamana nyusi hadi taa zikazimwa. Kila mmoja alitafuta kiburi kwenye uso wa mwenzake, na kila mmoja alikiona.

Kisha yupo Cicero, mwanasiasa wa Roma aliyesifika kwa kuhutubia. Huyu ndiye ninayetaka umsikilize. Mwaka 58 kabla ya Kristo Cicero alifukuzwa Roma, na makonsuli wawili wa mwaka ule, ndio wakuu wa serikali, hawakumtetea. Mmoja aliitwa Piso, baba mkwe wa Julius Caesar. Cicero aliporudi hakumsamehe. Alimsema barazani, akamsema katika seneti, na kitu alichokirudia tena na tena ni nyusi za Piso. Alisema Piso aliulizwa swali, akajibu unyusi mmoja ameupandisha hadi kwenye paji, mwingine ameushusha hadi kidevuni, ya kwamba ukatili haumpendezi. Ni maneno ya kumkomoa mtu, na seneti lazima ilicheka. Lakini mahali pengine Cicero huyo huyo anakiri jambo ambalo sikuliona nilipokuwa kijana. Anasema uso wa Piso ulikuwa mzito na paji lake limekunjamana kwa namna ambayo watu waliona mwaka mzima unaweza kuegemea unyusi ule, kama mtu anavyomwegemea mdhamini wake. Anasema macho, nyusi, paji, uso wote, ni usemi wa kimya wa akili, na usemi huo ndio uliowadanganya watu.

Umeelewa, mwanangu? Unyusi ule ule. Watu wa Roma waliutazama wakaona heshima ya wazee, uzito, mtu wa kuaminiwa. Cicero akautazama akaona ubaya. Supercilium kwa Kilatini ilikuwa pia ukali wa mtu makini, hakimu asiyecheka hovyo. Waingereza walipolichukua neno, upande huo wa heshima waliuacha nyuma. Walibeba dharau peke yake. Huyo dada amekushitaki kwa nusu ya neno.

Na nimekuwa nikisema tangu ukiwa mdogo, nawe ulikuwa ukinimalizia sentensi: mtu asihukumiwe kwa uso wake, ahukumiwe kwa salamu yake. Uso amepewa. Salamu anaitoa mwenyewe.

Basi nije Mgeta.

Unayajua mengi ya safari ile kwa sababu baba yako mkubwa alikuwa akiisimulia kila Krismasi, lakini yeye aliisimulia kwa vicheko, na mambo mawili aliyaacha. Ilikuwa 1983. Barua ya posa ilikuwa imeshapelekwa, na jibu likaja kwamba mjomba mtu anataka kumwona kijana mwenyewe. Mimi mtu wa Bagamoyo, nilidhani nikishamridhisha baba wa binti nimemaliza. Baba yako mkubwa, aliyekuwa mshenga, ndiye aliyenielimisha: Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama, na mbele ya mjomba hata baba anakaa pembeni. Kama mjomba hakutaka, hakuna ndoa.

Mwaka ule unaujua kwa kusimuliwa. Sabuni hakuna, vibiriti hakuna, sukari ukiipata unaishika kama dawa. Na ndio mwaka Waziri Mkuu Sokoine aliowatangazia vita wahujumu uchumi. Watu waliokuwa na bidhaa ndani walizitupa usiku wasikutwe nazo. Mimi nilitaka kwenda Mgeta na sukari. Kwa ukweni, mikono mitupu haiendi. Niliipata kidogo kidogo, hii kwa mwalimu mwenzangu, hii dukani kwa foleni ya alfajiri, hii kwa mama mmoja wa parokiani aliyenionea huruma, hadi zikatimia kilo tatu. Nikazifunga ndani ya shuka, shuka ndani ya begi, begi chini ya miguu yangu kwenye lori, na njia nzima kutoka Morogoro kila lori liliposimama moyo ulinipanda.

Tulifika jioni. Ukungu umeshuka, baridi ya kule unaijua, nami nimevaa shati jeupe, tai, na viatu vya kamba vilivyokuwa tayari vimejaa udongo. Babu yako alikuwa amekaa kigodani mlangoni. Nikainama nikasema, "Shikamoo, mjomba."

Hakujibu papo hapo. Alinitazama viatu. Akapanda, suruali, tai. Alipofika usoni, unyusi wa kushoto ukapanda peke yake. Ukapanda ukakaa. Wa kulia haukusogea. Halafu ndipo akasema, "Marahaba," na akamgeukia baba yako mkubwa akamwuliza, kama vile mimi ni mbuzi aliyeletwa mnadani, "Huyu anajua kushika jembe?"

Nilijibu mwenyewe. Nilisema mimi ni mwalimu, nimesoma, nina cheti, nafundisha Kiingereza kwenye sekondari. Niliyasema kwa adabu. Hadi leo nashikilia kwamba niliyasema kwa adabu. Unyusi ukapanda zaidi.

Hili la jembe baba yako mkubwa hakulisimulia. La pili ni la sukari. Nilipoitoa, babu yako hakuigusa. Alimwita mtoto mmoja, akamwambia alete kikombe na ungo. Akaagiza sukari ipimwe pale pale mbele yetu, kikombe kimoja kila nyumba, ipelekwe kwa majirani wote wa kilima kile. Watoto wakaja mmoja mmoja, wakapokea kwa mikono miwili, wakaondoka mbio. Kilo tatu zile, zilizonipitisha usiku macho, zikaisha kabla giza halijaingia. Kisha tukaletewa chai. Ya rangi, kavu. Nikainywa. Naye akanywa, unyusi juu, akinitazama kama namna ninavyomeza ndiyo mtihani wenyewe.

Mwanangu, nimezeeka, nimezika wazazi wangu, nimestaafu, na chai ile bado naisikia ulimini.

Usiku ule nililala kwenye chumba cha vijana nikalikumbuka neno la seminari. Superciliosus. Nikasema moyoni, Pliny alimwona mtu huyu. Kiburi kimetafuta mahali pa juu na pa mwinuko kikapanda hadi Mgeta. Nilimwambia baba yako mkubwa tuondoke asubuhi, mke nitatafuta Bagamoyo. Akanikatalia, na kwa hilo wewe upo.

Sasa sikiliza mama yako anavyosema, maana nimemwuliza tena juzi. Anasema mjomba alifurahi. Anasema kwao kitu cha adimu hakifungiwi ndani, kinaoneshwa, na kila nyumba iliyopata kikombe kimoja ilijua kwamba binti wa ukoo ule ameletewa heshima. Kesho yake majirani walikuja kumpongeza, jambo ambalo mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimekasirika ndani. Anasema tena, mwaka ule nani aliyekuwa na akili angelaza kilo tatu za sukari nyumbani kwake ili mgambo wamkute nazo? Kuigawa ilikuwa busara. Nikamwuliza, basi kwa nini hakusema? Kwa nini hakunyanyua mdomo akasema, "Kijana, ahsante, tunaigawa kwa sababu hii na hii"? Akanijibu, "Kwani wewe ulimwuliza?"

Hapo ndipo ninapokwama. Kwa kanuni yangu mwenyewe, babu yako hana kesi. Nilimsalimu, akaitikia. Alichelewa, ndiyo, lakini marahaba aliisema, tena kwa sauti ya kusikika. Mtu asihukumiwe kwa uso wake. Ningekuwa hakimu mwadilifu ningemwachia aende. Lakini swali la jembe je? Kuuliza habari zangu kwa mtu mwingine nami nipo nimesimama, hiyo si salamu, ni kauli, na kauli mtu anaitoa mwenyewe kama salamu. Halafu nasema, mshenga kazi yake ni nini kama siyo kuulizwa? Mila ndivyo ilivyotaka. Halafu namkumbuka tena alivyoanzia viatuni.

Viatu. Hili nalo mama yako alinieleza baadaye sana, wewe ukiwa umeshazaliwa. Babu yako alikuwa kijana mwaka 1955. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeamrisha milima yote ya Uluguru ikatwe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko, na watu walilazimishwa kuyachimba kwa siku walizopangiwa, huku mashamba yao ya chakula yakingoja. Udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa chini, na mazao mahali pengi yakawa mabaya kuliko kwanza. Watu wakakataa. Huko Matombo, polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na baadaye mpango ule ukaachwa. Babu yako alichimba matuta yale. Anayekusimamia ukichimba tuta huwa amesimama juu yako, ukingoni mwa mlima, na wewe uliyeinama kitu cha kwanza unachokiona ni viatu vyake.

Nami nikafika jioni na viatu vya kamba na tai, nikisema nafundisha Kiingereza.

Jambo moja linanistaajabisha kila ninapolikumbuka. Supercilium haikuwa nyusi peke yake. Warumi waliuita hivyo hivyo ukingo wa kilima, pale mteremko unapoanza. Virgil, mshairi wao, katika utenzi wake wa kilimo, anamsifu mkulima ambaye shamba lake limekauka kwa jua, majani yanakufa, naye anayaongoza maji kutoka kwenye supercilium ya njia ya mteremko, yanashuka yakinong'ona juu ya mawe, yanapoza udongo. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Babu yako alikuwa akifanya hivyo kila kiangazi pale juu ya njegere na kabichi zake, anafungua mfereji kwa jembe, maji yanashuka tuta kwa tuta, tena matuta aliyoyachora mwenyewe anavyotaka yeye. Ulikuwa ukipenda kukaa pale ukiwa na miaka sita au saba, miguu ndani ya mfereji, naye hakukukataza ingawa alitukataza sisi wote. Mnakaa hapo wawili, wewe na yeye, hamsemi. Nikipita chini naona nyuso mbili zinanitazama, na kwenye kila uso unyusi wa kushoto uko juu.

Maana umeuchukua, mwanangu. Unalijua hilo, na ulipokuwa Darasa la Sita ulilia kwa sababu hiyo. Mwalimu wako mmoja alikutoa nje ukapige magoti juani kwa kosa la "kumtazama vibaya". Nilikwenda shuleni. Nilimwambia mwalimu yule, huo ni uso wa ukoo, hauna jeuri ndani yake, jiulize kwanza kama amekusalimu. Akakubali kwamba ulimsalimu kila asubuhi. Nikamwambia, basi umemhukumu kwa alichopewa. Niliyasema kwa nguvu zote, na nikitoka pale nikamwona babu yako wa Mgeta mbele yangu kabisa, maana siku zote hizo yeye nilikuwa sijampa utetezi nilioutoa kwa ajili yako.

Na babu yako alikuja kumzika baba yangu. Hili ndilo linanifanya nisiwe na usingizi wa hukumu. Habari ilimfikia usiku, akashuka mlima kwa miguu gizani, akapanda lori la mboga hadi Morogoro, akaja Bagamoyo na jembe lake begani kama vile kwetu hakuna majembe. Watu wazima wa kwetu walimwambia, mkwe, wewe ni mgeni, kaa. Hakukaa. Alishuka kaburini akachimba na vijana, mzee yule, hadi jasho likamlowesha. Alipotoka nikamwendea kumshukuru, nikasema, "Shikamoo, mjomba." Akanitazama. Unyusi wa kushoto ukapanda, vile vile kama siku ile ya chai, haukuzidi wala haukupungua. "Marahaba, mwanangu," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo.

Basi unyusi ule ulikuwa unasema nini? Kama mlangoni ulisema dharau, kaburini ulisema nini? Na kama kaburini haukusema dharau, kwa nini niamini kwamba mlangoni ulisema? Cicero alisema uso ni usemi wa kimya. Mimi nilifundisha lugha maisha yangu yote, na usemi wenye neno moja kwa kila jambo sijawahi kuweza kuufasiri. Kisha naikumbuka chai kavu, na moyo unakataa kushindwa.

Sasa mambo yako. Mama yako amekwisha kata shauri. Anasema huko uliko mtu mweusi akisimama wima akatazama mbele, watu huona kiburi, na kwamba mwanamke yule asingemwuliza nesi wa kwao kama ana cheti. Anaweza kuwa na haki. Wamarekani wana neno uppity, la mtu anayejipandisha, na kwa miaka mingi lilirushwa kwa watu weusi waliokataa kuinamisha vichwa, kwa hiyo hili la kuwasomea watu nyuso si jambo alilolibuni mama yako jikoni. Swali la cheti ni tusi, na wewe kutolijibu si kosa. Ningekuwa mimi ningelijibu, unajua, ningemtajia hadi mwaka wa kuhitimu. Wewe ulinyamaza. Kunyamaza huko nako umekupata Mgeta.

Unataka nikwambie kama ulikuwa na kiburi. Hukuuliza hivyo, lakini nimekulea, nasikia. Nataka sana kusema hapana. Liko mdomoni. Nakujua, najua ulivyomwogesha bibi yako miezi ile yote, hukuwahi kumkunjia uso hata alipokutukana kwa kutokukutambua. Lakini huyo dada naye alikuwa na baba yake kitandani. Mtu mwenye mgonjwa anasoma uso wa nesi kuliko anavyosoma karatasi, anatafuta humo kama baba atapona. Akikuta unyusi umepanda na mdomo umefungwa, anaweza kuona lango limefungwa. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu mwenye cheti, nikakaa mbele ya unyusi huo huo na kikombe cha chai, nikaona hivyo. Siwezi kumwambia kwamba hakuona kitu. Na siwezi kukwambia kwamba alichokiona kilikuwepo.

Kwa hiyo sikuhukumu. Inaniuma kutokuhukumu, maana mzazi anapenda kutoa hukumu ya kumfurahisha mtoto wake. Lakini sikuwepo wodini.

Kuhusu maelezo ya mkubwa wako, usimfundishe Kilatini, na habari za Piso hazitamsaidia. Andika kilichotokea kwa utaratibu: saa ngapi aliingia, ulimwambia nini kuhusu saa za kuona wagonjwa, alikuuliza nini, ukafanya nini baadaye. Swali la cheti liandike kwa maneno yake mwenyewe bila kulipamba. Andika pia hali ya mgonjwa ilivyokuwa siku ile, na nani mwingine alikuwa zamu. Uso usiutetee. Ukianza kuutetea uso wako utakuwa umekubali kwamba ndio uliofanya kazi zamu ile, na waliofanya kazi ni mikono yako.

Kabla hujaipeleka, nitumie niisome, nitazame nukta tu. Na unijibu jambo moja ambalo katika ujumbe wako hukulitaja, nami nimelitafuta mara mbili: huyo dada alipoingia mlangoni, kabla ya saa, kabla ya cheti, nani kati yenu alimsalimu mwenzake?

Mama yako anasema soksi umezipata au bado ziko posta. Mdogo wako amehamia Nyandira kwa muda, anapanda viazi.

Mimi baba yako.